Naomba ushauri: somo lipi litanitayarisha kwa kazi ya chumba safi cha kutengenezea chipu?

Ndugu wanachama, habari za wakati huu. Nasoma uhandisi wa umeme mwaka wa 3 hapa Kenya, na nia yangu ni kufanya kazi katika chumba safi cha kutengenezea chipu, yaani chumba ambacho hewa yake huchujwa vumbi, kama kile cha Semiconductor Technologies Limited kilichoko Nyeri. Fizikia ya semikondakta nimeshaisoma, lakini chuo chetu hakina chumba cha namna hiyo, hivyo kupaka rezisti (utando unaobadilika ukipigwa na mwanga) kwenye kaki ya silikoni (kisahani chembamba ambacho chipu hutengenezwa juu yake) ndani ya chumba chenye taa za manjano, kuiangazia kwa miale ya urujuanimno na kuichonga kwa kemikali nakujua kwa maandishi tu. Nimefuatilia mihadhara mtandaoni, na nimesoma kwa makini kuhusu asidi ya haidrofloriki, ambayo hutumika katika uchongaji huo na hupenya ngozi na kushambulia kalisi mwilini. Kwa maoni yangu, usalama wa kemikali ungestahili kuwa somo la lazima.

Muhula ujao naruhusiwa somo moja la hiari: kemia ya maada yabisi au takwimu za udhibiti wa ubora. Kwa mliowahi kufanya kazi katika vyumba safi, lipi litanifaa zaidi? Na je, kutengeneza bodi za saketi kwa rezisti ya mwanga katika maabara ya kawaida huhesabiwa na waajiri kuwa uzoefu?

Natanguliza shukrani.