Mafundi wa kutoa stika kwenye pikipiki, acheni kutuharibia matangi kwa wembe na thina!

Wakuu, habari za majukumu.

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Jumamosi nilipeleka pikipiki yangu kwa fundi anibandulie stika za kiwandani. Nimerudishiwa tangi lenye mikwaruzo kama limeburuzwa kwenye kokoto. Kava za pembeni, zile za plastiki, zimepauka na kuwa nyeupe, na ukipitisha kidole unahisi zimekuwa kama msasa. Kazi hiyo nimeilipia elfu 15. Nilipomuuliza akanijibu, "Stika za kiwandani ndivyo zinavyotoka, kaka. Hapo ni kupiga rangi tu." Bei ya kupiga rangi akaitaja papo hapo: elfu 90, na mpigaji ni yeye mwenyewe!

Mnielewe hii pikipiki ni nini kwangu. Ni ya mkataba, yaani unamlipa mwenye nayo kidogo kidogo hadi inakuwa yako. Miezi 14 nimepeleka hesabu kila siku, mvua inanyesha, mtoto anaumwa, abiria hakuna, hesabu inakwenda. Mwezi uliopita ndipo nikakabidhiwa kadi ya umiliki. Stika zilikuwa zimeshakufa kwa jua la Dodoma, zimepasuka vipande vipande, kingo zimejikunja na kushika vumbi jeusi lisilotoka kwa sabuni. Nikasema sasa ni yangu, nataka tangi libaki jekundu tupu, safi, nikiamka asubuhi nilione linang'aa. Sikuomba zaidi ya hapo.

Alichofanya nilikiona kwa macho yangu, na najilaumu kwa kunyamaza. Kwanza alitoa kiberiti cha gesi akaanza kupitisha moto kwenye stika ya tangi. Tangi lina petroli ndani! Hapo tu ndipo nilipopiga kelele, akaacha. Akachukua wembe akaanza kukwangua. Stika ikitoka kipande, gundi inabaki, anazidisha nguvu, na kila wembe unapopinda unaacha mchirizi. Gundi ilipomshinda akamwaga thina kwenye kitambaa akasugua kila mahali, tangi na plastiki sawasawa, kama anasafisha spana. Kitambaa kilikuwa kinageuka chekundu. Ile ni rangi ya tangi langu inayotoka, na yeye anaendelea kusugua.

Fundi anayeitwa fundi anatakiwa kujua kwamba thina kazi yake ni kuyeyusha rangi. Plastiki ndiyo kabisa, thina inaula uso wake, na mng'ao ukishaondoka haurudi kwa kufuta wala kwa kupaka mafuta. Na anatakiwa kujua hili kabla hajagusa mali ya mtu: pitisha kucha kwenye ukingo wa stika. Ukisikia kucha inakwama, stika imebandikwa juu ya rangi na inabanduka. Ukikuta ni laini moja kwa moja, ujue kiwandani waliibandika kwanza kisha wakaipitishia klia, ile rangi angavu ya kung'arisha, juu yake, na hiyo haitoki bila kupiga msasa na kurudia rangi. Zangu zilikuwa za juu. Kucha ilikuwa inakwama. Hakupima.

Sasa kilichonizidishia hasira ni hiki. Stika moja ilibaki mkiani, nyuma ya siti, alisahau. Jumapili nikampelekea mzee mmoja anayepiga rangi magari mtaani kwetu. Akachemsha maji, akachovya taulo, akalikamua na kulilaza juu ya stika kama dakika mbili, akarudia mara tatu. Akainua kona kwa kucha, akaanza kuivuta taratibu huku akiikunja kurudi nyuma juu yake yenyewe, haivuti kwenda juu. Ilipokuwa ngumu hakulazimisha, alirudisha taulo. Jua linaikausha stika hadi inakuwa kavu kama ganda, akasema, ndiyo maana ukiivuta ikiwa baridi inakatika na kukuachia gundi yote. Joto linalainisha vyote viwili. Gundi iliyobaki akaipaka mafuta ya kula, kwa sababu pale ni plastiki, akaacha kama dakika kumi, akaisukuma kwa ukingo wa kadi ya plastiki. Ikawa inajiviringa kama uji uliokauka. Kwenye chuma, anasema, angetumia mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, injini ikiwa imepoa na moto uko mbali. Mwisho sabuni na maji. Nusu saa nzima haikufika. Hakuna mkwaruzo hata mmoja.

Na akaniambia ukweli kabla hajaanza: "Kivuli cha stika utakiona." Maana rangi iliyokuwa chini haikupigwa jua, imebaki imekolea, na ya pembeni imefifia. Hicho hakitoki kwa kusugua wala kwa kemikali yoyote ya kutoa gundi, kinapunguzwa kwa polishi tu, tena kwa subira. Niliona ni haki kabisa kuambiwa hivyo. Yule wa elfu 15 hakunitamkia lolote.

Kwa hiyo taulo, maji ya moto na mafuta ya kupikia. Vitu vilivyopo kwenye kila nyumba. Tangi langu limeharibiwa kwa kukosa nusu saa ya uvumilivu!

Na nyie wa kijiweni mnaosema kila siku "weka petroli tu inatoka", naomba muache. Petroli inakauka kabla haijaingia kwenye gundi, unabaki unasugua na kusugua, rangi inapoteza mng'ao, mikono inababuka, na mvuke wake unatafuta cheche yoyote iliyo karibu. Mtu akiuliza kwa nia ya kujifunza msimpe jibu la kumtia hasara.

Jambo jingine nimeligundua jana. Kwa kasi yake ya kukwangua ameondoa pia kile kistika kidogo cha kwenye kava la cheni chenye kiwango cha upepo wa tairi la mbele na la nyuma. Kile hakikuwa pambo. Nilikuwa nakitazama kila nikibeba abiria wawili au gunia. Nani alimwambia akitoe?

Nilirudi kwake Jumatatu na picha nilizopiga kabla. Nilitaka anirudishie pesa yangu na achangie rangi. Amekataa, anasema nilisimama pale nikaona na sikumzuia. Niliwasha pikipiki nikaondoka kwa sababu nilijijua hali niliyokuwa nayo. Elfu 90 simpi, hata tangi likae hivi mwaka mzima.

Wakuu wa Dodoma, mwenye kumfahamu mpiga rangi anayeweza kuoanisha wekundu wa kiwandani kwenye tangi, naomba aniunganishe. Ila nataka kuona tangi alilopaka mwaka jana, lililoshinda juani, si la jana. Na kwa kava za pembeni, kama kuna aliyewahi kuziokoa zikishaliwa na thina aniambie alifanyaje, au ninunue mpya tu?