Mrejesho: Ndege iliyo katika picha ya baba ni BAC 221

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliomba msaada wa kuitambua ndege yenye pua iliyoinama, iliyomo katika picha ambayo marehemu baba aliipiga alipokuwa masomoni Uingereza. Nawashukuru sana nyote mliojibu.

Nilianza na ushauri wa kutumia kioo cha kukuzia, nikasoma namba WG774 ubavuni. Namba hiyo peke yake haikutosha, kwa kuwa ndiyo ya Fairey Delta 2 ambayo Peter Twiss aliirusha kwa kilomita 1,822 kwa saa tarehe 10 Machi 1956 na kuvunja rekodi ya dunia, na ndiyo pia ya BAC 221, iliyoundwa upya kutokana na ndege hiyo hiyo ili kujaribu umbo la bawa la Concorde, ndege ya abiria iliyoruka kwa kasi kuliko sauti. Aliyeniambia nitazame ukingo wa bawa alipatia: umepinda kama wa BAC 221, haukunyooka kama wa Fairey Delta 2. Nilikwenda kwenye makumbusho ya ndege ya Yeovilton, Uingereza, ambako BAC 221 imehifadhiwa pamoja na Concorde, nikahakikisha kwa macho yangu, nami nilisimama pale kwa muda mrefu.

Barua niliyoandika kuulizia siku ya picha haikufua dafu. Nilijibiwa kuwa picha moja haitoshi. Kwa kuwa BAC 221 iliruka mara ya kwanza mwaka 1964, nyuma ya picha nimeandika tu: si kabla ya 1964.