Gereji tatu, shilingi 1,980,000, na hakuna aliyepima kitu: Noah yangu niifunge injini nyingine au niiuze kwa kilo?

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu.

Nimevumilia tangu mwezi wa nane, lakini juzi fundi wa gereji ya tatu, akiwa ameegemea bampa na simu mkononi, aliponiambia kwamba "hili ni la kupeleka kwa vyuma chakavu tu, bosi", niliona nisipoandika nitapasuka. Sina ugomvi na hukumu yenyewe, kwa kuwa huenda ni ya kweli. Ugomvi wangu ni kwamba gereji tatu za hapa Mwanza zimepokea fedha yangu kwa zamu, kila moja ikiwa na uhakika wa asilimia mia, na hakuna hata moja iliyoweka kipimo juu ya injini ile kabla ya kunitajia bei.

Gari lenyewe ni Toyota Noah ya mwaka 2003, ile ambayo wengi tunaiita "new model", yenye injini ya 1AZ-FSE ya D4 (inayomimina petroli moja kwa moja ndani ya silinda), cc 1,998. Nilikuwa ninakwenda Sengerema kumwona mama. Kilomita chache baada ya kuvuka Daraja la Magufuli pale Busisi, mshale wa joto ulipanda, nami, kwa ujinga ambao siwezi kumsingizia mtu mwingine, niliendelea kama kilomita mbili nikitafuta kivuli cha kusimama. Kijana wa bodaboda aliniletea galoni la maji ya ziwa. Tulingoja injini ipoe, tukajaza, nikarudi mjini polepole nikisimama kila baada ya muda. Hadi hapo kosa ni langu, na nilikuwa tayari kulilipia.

Gereji ya kwanza, maeneo ya Buzuruga, ilisema ni gasketi ya hedi, ule mkeka mwembamba unaoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wake). Wakafungua hedi, wakaweka gasketi mpya, wakafunga siku hiyohiyo kabla ya magharibi, wakanitoza 480,000. Nilipouliza kama hedi haikupinda, fundi aliipitisha kidole akasema iko sawa. Ndugu zangu, kupinda kwa hedi huhesabiwa kwa vijisehemu vya milimita, chini ya moja ya kumi, na hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na vipande vyembamba vya kupimia mwanya. Kidole cha binadamu hakina uwezo huo, hata kama mwenye kidole ana uzoefu wa miaka ishirini. Isitoshe, walitoa tamostati (valvu isiyopitisha maji kwenda rejeta hadi injini ipate moto) wakaitupa, wakinieleza kwa fahari kwamba "hizi ni za nchi za baridi". Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba injini isiyo na tamostati hukaa baridi muda mrefu, kompyuta ya gari huendelea kumimina mafuta mengi ikidhani ndiyo kwanza gari limewashwa, na petroli inayobaki huishia kuifanya oili iwe nyepesi.

Ilidumu wiki mbili. Gereji ya pili, yenye bango kubwa na kijana wa kupokea wateja, ilisema wale wa kwanza hawakujua kazi (hii ndiyo salamu ya kila gereji) na kwamba hedi ilitakiwa kuchongwa kwenye mashine. Walichonga, wakabadilisha pampu ya maji, wakaosha rejeta, wakanitoza 1,150,000. Siku ya kumi na tisa nilichomoa kijiti cha oili asubuhi nikakuta rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yameingia kwenye oili. Niliporudi kwao, msimamizi alinijibu kwamba "injini ni bahati, mzee". Mtu aliyepokea zaidi ya milioni moja asubuhi hawezi kuniletea habari za bahati jioni.

Gereji ya tatu ilichukua 350,000 kwa kufungua tu. Hapo nilikuwa nimeshajifunza kusimama pembeni na kutazama. Bolti za hedi kwenye injini hii ni kumi, na zilipotolewa ziliwekwa ndani ya kopo la rangi. Nilizichambua moja moja. Saba zilikuwa safi. Tatu, zote za upande wa nyuma ulioelekea ndani ya gari, zilikuwa na nyuzi nyembamba zinazong'aa zilizojiviringa ndani ya meno yake, kama uzi wa cherehani ulionasa kwenye bobini, na mojawapo ilikuwa imepakwa gundi ya chuma ambayo mimi sikuwahi kuambiwa habari zake. Nilimuuliza fundi ni nini, akasema ni uchafu.

Nilizifunga kwenye gazeti nikampelekea mzee mmoja mwenye karakana ya kuchonga vyuma huko Mabatini. Alikwangua zile nyuzi kwa ukucha, akaniambia, "Mwanangu, huu si uchafu, haya ni meno ya bloku yako." Alinifafanulia kwamba bloku ya injini hii ni ya alumini na bolti zake ni za chuma, kwamba injini za familia ya AZ zinafahamika kwa udhaifu huu, na kwamba zikichemka sana meno ya alumini hulegea, bolti ikawa imeshika hewa. Kuanzia hapo unaweza kubadilisha gasketi kila Ijumaa na maji yataendelea kupenya, kwa sababu hedi haibanwi. Dawa yake ni kuyatoboa mashimo upya na kuingiza bushi za chuma zenye meno kwa ndani, kazi ambayo ingefaa kufanywa mara ya kwanza, kabla hedi haijapinda zaidi. Gereji ya pili iliyaona mashimo yale, ikapaka gundi, ikafunga, ikanikabidhi ufunguo.

Mzee yule ndiye mtu wa kwanza kupima. Aliiwekea hedi rula, akaipaka dawa ya rangi inayoonyesha nyufa, na ufa ukajitokeza kati ya vikalio viwili vya valvu. Kisha akaomba kifuniko cha rejeta, akabonyeza springi yake kwa dole gumba, akanionyesha mpira wake uliopasukapasuka. Hapa ndipo hasira yangu ilipopata makao. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Kifuniko kizima hubana mgandamizo ndani ya rejeta, na kiwango cha kuchemka hupanda kikapita nyuzi 110. Kifuniko kilichokufa hukunyima nafasi hiyo yote, na huku kwetu hukunyima zaidi kuliko kwa mtu wa Dar es Salaam. Kifuniko kipya nimekinunua 15,000. Magereji yote matatu yalikifungua na kukifunga, na mmoja wao alikiweka juu ya paa la gari langu wakati akiniandikia risiti.

Sasa hesabu. Ile 1,980,000 nimeitoa kwenye daftari, imekwenda. Mnunuzi wa vyuma chakavu ananipa 900,000 kwa gari zima, kwa kilo. Dereva mmoja wa teksi yuko tayari kulichukua lilivyo kwa 3,500,000, na bila shaka akilichinja atapata zaidi, kwa maana geaboksi, milango, vioo na hata viti ni vizima. Injini ya mtumba kutoka Japani, pamoja na geaboksi yake, nimetajiwa 2,400,000. Nikiongeza ufundi na oili, maji ya rejeta, tamostati na mipira mipya ninafika milioni tatu, na Noah ya namna yangu ikiwa inatembea haipungui milioni tisa kwa madalali niliowauliza. Kuagiza nyingine sifikirii, kwani ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT asilimia 18, na juu yake kuna ushuru wa uchakavu kwa gari lililozidi miaka minane.

Kwa hiyo yule aliyeniambia niuze kwa kilo alitaka nipoteze zaidi ya milioni mbili na nusu hata kulinganisha na kuliuza bovu. Wala hakunikumbusha kwamba gari likikatwakatwa, kadi yenye jina langu bado iko TRA na usajili unapaswa kufutwa, nisije nikaulizwa kesho kuhusu namba zangu zilizo kwenye gari nisilolijua. Zamani ungelipia pia ada ya leseni ya barabara kwa gari lililo juu ya mawe. Hiyo angalau ilifutwa mwaka 2017.

Nimeamua kufunga injini nyingine, kwa masharti yangu. Iwe na stata yake, tuunge betri, tutoe plagi na tupime kompresheni (mgandamizo) ya silinda zote nne mbele yangu, na tofauti kati ya moja na nyingine isizidi baa 1. Namba ya injini iandikwe kwenye risiti, maana nitahitaji kuibadilisha kwenye kadi. Muuzaji wa kwanza alikataa, akasema wateja wake hawana tabia za kupima. Wa pili, wa Nyakato, amekubali. Tunakwenda Jumamosi na mzee wa Mabatini.

Kwa aliyefunga 1AZ nyingine hapa Mwanza, naomba aniambie kama alibadilisha pia kompyuta au alitumia ileile. Gereji ya tatu, ambako gari bado liko juu ya mawe, imeanza kunidai 5,000 kwa siku ya maegesho. Geji ya kompresheni nimeinunua mwenyewe kwa 85,000. Fundi aliiona jana juu ya kiti cha mbele nilipokwenda kuchukua vitu vyangu, akaniuliza kama ni ya kujazia upepo.