Yah: Mzee Tyrus Wong na majina yetu ya kwenye makaratasi

Kutoka: Binti wa Tanga, Oakland

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Mama alikuwa huku mwezi uliopita, nikampeleka Angel Island kupunga upepo. Nilibeba maandazi na chupa ya chai, nikijua tutapiga picha mbili tatu turudi. Kumbe ndicho kisiwa ambako kuanzia 1910 hadi 1940 Wachina walizuiliwa na kuhojiwa kabla ya kuruhusiwa kuingia San Francisco. Kuta za mbao za bweni lao bado zina mashairi waliyoyachonga kwa Kichina. Mama akazitazama weee, kisha akaniuliza, "Hawa waliiba nini?"

Tangu siku hiyo nasoma habari za mmoja wao, Tyrus Wong. Kama wanenu wamewahi kuangalia Bambi, ile katuni ya mtoto wa paa, ule msitu wenye ukungu ulitoka kichwani mwake. Alizaliwa Guangdong mwaka 1910, akaitwa Wong Gen Yeo. Mwaka 1920 alisafiri na baba yake; mama na dada walibaki kijijini, na hakuwaona tena. Pale kisiwani baba aliachiwa kwanza. Mtoto akabaki karibu mwezi mzima na watu wazima asiowajua, akijibu maswali kwa jina lisilo lake: Look Tai Yow.

Sheria ya Marekani ya 1882 ilikuwa imewafungia mlango vibarua wa Kichina, ikaacha upenyo kwa wafanyabiashara na watoto wa raia. Moto wa tetemeko la 1906 ukateketeza rekodi za San Francisco, ikawa vigumu kumbishia anayesema alizaliwa pale. Basi watu wakanunua karatasi za ukoo wa wengine. Waliitwa watoto wa karatasi. Maafisa nao wakajua, wakawa wanauliza: nyumbani kwenu kuna ngazi ngapi? Kisima kiko upande gani? Nyumba ya tatu anakaa nani? Ukijibu hivi na baba yako akajibu vile, unarudishwa.

Baba yake ndiye aliyemfundisha brashi. Hawakuwa na hela ya wino, hivyo mtoto alichovya maji na kuandika juu ya magazeti. Maandishi yakikauka yanapotea, unaanza upya. Baadaye alisoma shule ya sanaa ya Otis kule Los Angeles kwa ufadhili, huku akifanya usafi. Mwaka 1938 aliingia Disney, kampuni ya katuni, akawekwa kwenye kuchora vile vipande vya katikati, kati ya mchoro mmoja na mwingine, siku nzima. Sisi wa ughaibuni kazi ngumu za mikono tunaziita kubeba boksi; boksi ni boksi hata ukilibeba kwa penseli. Aliposikia wenzake wamekwama na Bambi, paa wanamezwa na majani yaliyochorwa moja moja, akaenda kuchora nyumbani kwa namna ya wachoraji wa China ya kale, enzi ya Song: ukungu, kivuli, mashina machache, mengine jicho lako lijazie. Wakubwa wakapenda. Mwaka 1941 ukaja mgomo wa wafanyakazi wa Disney. Yeye hakugoma, na bado baada ya mgomo alifukuzwa. Filamu ikatoka 1942, jina lake likiwa limechanganywa tu na la wachora mandhari wengine.

Alipata uraia 1946, akafanya kazi Warner Brothers hadi 1968. Uzeeni alikuwa akitengeneza tiara za mianzi na kuzirusha ufukweni Santa Monica: mbayuwayu, vipepeo, tandu mrefu kupindukia. Alifariki Desemba 2016, miaka 106.

Sasa swali: nani humu ameshawaambia wanawe jina lake la kweli? Pasi ya mama yangu mwenyewe ina jina ambalo mtaani kwetu ukiliulizia watakuambia hayupo.

---

Kutoka: Mbeba boksi mstaafu, Reading, Uingereza

Dada, umegusa donda. Mimi nilijilipua miaka ishirini na ushee iliyopita, yaani niliomba hifadhi kwa jina lisilo langu, wa rika langu wanaelewa. Sitasema zaidi, ukuta una masikio. Wajukuu wangu wanatumia jina la ukoo ambalo si la kwetu. Juzi shangazi alipiga simu kutoka Mwanza, akaniita jina langu. Mjukuu wa miaka sita akasema, "Babu, huyu amekosea namba." Nikacheka. Halafu nikaenda kukaa bafuni.

---

Kutoka: Papa wa Uvira, Ohio

Jambo kwenu. Miye nimepita Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania. Nyumba yangu ni watu sita, na wanne kwa karatasi wamezaliwa 1 Januari. Jina la bibi yangu, mama watoto, karani alilikosea herufi mbili, na benki inakataa. Habari ya Mchina ni nzuri, dada, lakini inanisaidia nini Jumatatu?

---

Kutoka: Binti wa Tanga, Oakland

Papa, una haki. Jumatatu fanya hivi: mama watoto akiwa anaomba uraia wa Marekani, fomu ya N-400 ina sehemu ya kubadili jina, na mabadiliko hayo hufanyika pale kiapo kinapokuwa mbele ya jaji. Tarehe ya kuzaliwa ni ngumu zaidi. Hapo msiguse kitu bila wakili. Cheti cha ubatizo na kadi ya kliniki msitupe.

Kaka wa Reading, usiandike zaidi humu. Tafuta wakili wa uhamiaji, si yule jamaa wa mtaani anayejaza fomu. Hata Wachina walifunguliwa mlango wa kuungama majina yao ya karatasi kuanzia 1956 hadi 1965, wakajitokeza zaidi ya 13,000, lakini ukiungama wewe umewataja na ndugu zako wote. Wapo walioumia.

Jambo moja limenishangaza. Mafaili ya mahojiano yale yako Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale San Bruno, na wajukuu huenda kuyaomba. Jina la juu ni la uongo, na majibu mengine yalikaririwa, lakini ndani mna kijiji kizima, ngazi na kisima na majirani. Afisa aliyetaka kumrudisha babu amewaachia wajukuu ramani.

Nikawasha simu irekodi, nikamuuliza mama maswali yaleyale. Ngazi? Tatu, ya chini imevunjika. Kisima? Nyuma ya msikiti. Nyumba ya tatu anakaa nani? Hapo tulikaa saa nzima, maana wa nyumba ya tatu bado ana deni la mama la vitenge viwili.