Trekta dogo la kufyeka kichaka ekari 18 Handeni: 24 hp ya 4WD au MF 240?

mchanga_mwekundu

Wakuu, habari za majukumu. Nina ekari 18 Handeni, udongo mwekundu, upande mmoja una mteremko. Kilichoota ni mkulagembe (kichaka cha miba) kwa wingi, migunga michanga, lantana kandokando ya mkondo wa maji, na nyasi za kiunoni. Mashina mengi ni unene wa kidole gumba hadi kifundo cha mkono, machache yamefika unene wa paja. Vichuguu vipo.

Nimebakiza chaguo tatu: trekta la mtumba la Kijapani, 24 hp (nguvu za farasi), 4WD (magurudumu yote manne yanavuta), gia za kawaida, linauzwa na rotaveta yake (zana ya kulimia kwa visu vinavyozunguka); MF 240 (Massey Ferguson) iliyotumika, 2WD (yanavuta mawili tu); au pawatila (trekta la kushika kwa mikono, la kutembea nalo) pamoja na vibarua. Nikishafungua shamba napanda michungwa, kwa hiyo trekta hilohilo litabaki kufyeka kati ya mistari.

Naomba kujua hp zinazotosha, slasha (mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma ya trekta) ya futi ngapi, na vitu vya kukagua kabla ya kutoa pesa.

fundi_gia

Mkuu, pawatila itoe kwenye hesabu. Ni nzuri majarubani. Kwenye visiki itamrusha anayeishika.

Kwa hayo mawili mengine, anza na slasha ndipo uchague trekta, maana slasha ndiyo inayofanya kazi. Hp ya injini siyo hp inayofika kwenye PTO (shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha zana). 24 hp ya injini inakupa kama 20 hivi nyuma. Slasha ya kawaida inataka kama 5 hp za PTO kwa kila futi ya upana, na kichaka kizito kinataka zaidi ya hapo. Kwa hiyo 24 hp ni slasha ya futi 4, basi. Ukiifunga futi 5 itakata nyasi vizuri, halafu ikifika kwenye mkulagembe injini inazama, visu vinapoteza kasi, na shina linachanika badala ya kukatika. MF 240 ina 45 hp na ushee kwenye injini, inabeba futi 5 bila kulalamika.

Unene: slasha nyepesi mwisho wake ni shina la sm 2.5 hivi, ya kati sm 5. Usimsikilize muuzaji anayekwambia "inakata kila kitu". Mashina ya unene wa paja kata kwa msumeno wa mnyororo, usawa wa ardhi kabisa. Kisiki cha sm 15 kilichojificha kwenye majani ndicho kinachopinda visu na kupasua boksi ya gia.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba slasha iko nyuma, kwa hiyo trekta linaingia kichakani kabla ya kisu. Matawi yanachoma rejeta, yanang'oa waya za taa, yanavuta mipira ya haidroliki na kufungua koki ya dizeli chini ya tangi. Kabla ya siku ya kwanza, chomelea kinga ya nondo mbele ya rejeta na bamba la chuma la mm 4 hadi 5 chini ya injini, lenye tundu la kumwagia oili na linalofunguka kwa bolti. Palipoziba sana ingia kinyumenyume: nyanyua slasha, rudi nyuma taratibu, shusha juu ya kichaka, kisha songa mbele. Inachosha shingo, lakini kisu ndicho kinatangulia.

Sasa ukaguzi wa hilo la Kijapani. Mengi yalitengenezwa kwa ajili ya rotaveta kwenye mashamba ya mpunga, na PTO yake ina kasi tatu au nne. Slasha imeundwa kwa mizunguko 540 kwa dakika. Mara nyingi ni namba 1 iliyo karibu na 540, zinazofuata zinapanda hadi 1,000 na kuzidi. Maandishi ni ya Kijapani, dereva mgeni anaweka namba 3 "ili ikate vizuri", na kisu kinaruka. Pima kwa takometa ya mkononi (kipima mizunguko), ukishajua ipi ni 540 funga lever isipite hapo.

La pili ni klachi. Kwenye mengi ya matrekta hayo, PTO inapita kwenye klachi ileile ya magurudumu. Ukikanyaga klachi, visu bado vina nguvu ya mzunguko, vinarudisha nguvu kupitia propela (shafti inayounganisha PTO na slasha) na kulisukuma trekta mbele. Umekanyaga klachi na breki, nalo linaendelea kuelekea kwenye mti. Dawa yake ni kiungio cha njia moja kinachovaa kwenye shafti ya PTO, kazi yake ni kama friwili ya baiskeli. Bila hicho usifunge slasha.

miba_na_tairi

Naongezea upande wa matairi, kwa sababu mkulagembe na mgunga vitakumalizia hela huko kabla injini haijapata joto.

Mtumba wa Kijapani huja na matairi ya jaruba: meno marefu, kuta nyembamba. Mwiba wa mgunga unapita ubavuni kama sindano kwenye kanga. Mbele weka matairi yenye ply (tabaka) 6 au 8. Nyuma, kama bajeti inaruhusu, tafuta ya aina ya R4 yanayofungwa kwenye mashine za ujenzi, kuta zake ni nene. Yanateleza kidogo kwenye tope, ila kichaka hakifyekwi kwenye tope.

Matairi ya nyuma jaza maji. Handeni hakuna barafu, maji matupu yanatosha. Weka valvu juu kabisa, saa sita ya mshale, jaza mpaka maji yafike usawa wa valvu, hapo ni kama asilimia 75, kisha malizia na upepo. Tairi la 11.2-24 linachukua lita 100 hadi 120, na lita moja ni kilo moja, kwa hiyo magurudumu mawili yanakuongezea zaidi ya kilo 200 chini kabisa. Trekta dogo linahitaji uzito huo mteremkoni kuliko linavyohitaji hp za ziada. Dawa ya kuziba matundu ndani ya tairi inasaidia kwa mwiba wa kukanyagia. Ubavuni haisaidii.

Na visiki: shina likikatwa kwa panga linabaki na ncha ya mshazari kama mkuki. Waambie vibarua wakate bapa.

mzee_wa_diski

Fundi amelizungumzia zaidi la Kijapani, mimi naegemea MF. MF 240 spea zake ziko kila mji, na fundi hakosekani. Trekta la Kijapani la mtumba, siku gia ya 4WD ikiharibika unaagiza nje na kusubiri. Uzito nao: MF 240 iko karibu tani 1.8, hilo la 24 hp halifiki hata tani moja na nusu. Kwenye kichaka uzito unasukuma.

Ila kagua klachi. MF 240 nyingi zina klachi ya hatua mbili: nusu inasimamisha magurudumu, ukizamisha yote PTO nayo inasimama. Jaribu ikiwa imefungwa zana. Kanyaga nusu, trekta lisimame na PTO iendelee. Ikishindwa, sahani zimeisha au imerekebishwa vibaya, na kuifikia lazima trekta lifunguliwe na kutenganishwa katikati. Ipunguze kwenye bei.

fundi_gia

Mzee, kwenye spea nakubali. Lakini ana mteremko na ana michungwa. 2WD kwenye mteremko wa udongo mwekundu baada ya mvua inateleza kitako, na 4WD inakupa pia breki ya magurudumu ya mbele unaposhuka. Kwenye mistari ya michungwa trekta fupi linageuka bila kuvunja matawi. Kama shamba lingekuwa tambarare na la mahindi, ningesema MF bila kufikiri.

Liwe lipi, lazima liwe na upinde wa kuzuia kubingirika na mkanda wa kiti. Ya mtumba mengi huja bila upinde. Usichomelee bomba la maji ukaliita upinde, likibingirika linakunjika. Na mteremko ufyeke kwa kupanda na kushuka, usikate kwa mkingamo.

mchanga_mwekundu

Nashukuru sana wakuu. Nimeegemea 4WD na slasha ya futi 4. Maswali mawili: itanichukua saa ngapi kwa ekari 18? Na nimeambiwa nikodi dozer nimalize kwa siku mbili, mnasemaje?

miba_na_tairi

Dozer inafuta mkulagembe kwa siku mbili na kukurudishia mara tano. Mmea huo unachipua kutoka kwenye mizizi. Kila mzizi uliojeruhiwa unatoa machipukizi. Na blade inasukuma udongo wa juu wote kwenye tuta la takataka pembeni, ndio huohuo michungwa ingekula. Jina lenyewe linakwambia: unakula majembe. Fyeka, subiri machipukizi yafike magotini, fyeka tena kabla hayajatoa maganda ya mbegu. Visiki vikubwa paka dawa ya kuua magugu ya triklopiri kwa kipimo cha kwenye kibandiko, ndani ya dakika chache baada ya kukata. Kikikauka hakinyonyi.

fundi_gia

Saa: slasha ya futi 4 ni mita 1.2, ukiacha mwingiliano unabaki na mita 1. Kichaka cha mara ya kwanza ni gia ya chini, kilomita 1.5 kwa saa. Hiyo ni mita za mraba 1,500 kwa saa, yaani ekari 0.37. Ekari 18 ni saa 49 hivi za kukata tu. Weka kugeuka, kusafisha rejeta na kunoa visu, andika 70. Dizeli lita 4 hadi 5 kwa saa. Raundi ya pili inakuwa nusu ya hapo au pungufu.

Tembea kwanza kwa miguu, kila kichuguu na jiwe chomeka mti wenye kitambaa. Raundi ya kwanza kata sm 15 juu ya ardhi, usiinamie zaidi.

Propela mpya za kuagiza huwa ndefu kupita kiasi. Pima slasha ikiwa kwenye usawa ambao trekta na boksi vinakaribiana zaidi, acha nafasi ya sm 2.5, kata bomba zote mbili na plastiki zake kwa kipimo kimoja, na hakikisha zinapokuwa mbali kabisa bado zimeingiliana theluthi moja. Isipokatwa, siku ya kwanza unaponyanyua slasha inasukuma beringi ya PTO mpaka ndani.

Kama slasha ina bolti ya kukatika (inayokatika kwa makusudi visu vikigonga kitu, ili boksi isiharibike), nunua kumi za daraja lileile lililoandikwa kwenye kitabu chake. Ukiweka ngumu ya daraja la 12.9 kwa sababu "hizi zinakatika ovyo", kitakachokatika kitakuwa ghali zaidi. Kama badala yake ina klachi ya sahani (inayoteleza visu vikigonga kitu), jua kwamba ikikaa masika yote sahani zinagandana kwa kutu na haitelezi tena. Kila msimu chora mstari wa rangi unaovuka sahani zote, legeza nati za springi mizunguko miwili, washa PTO kwa sekunde 2 au 3, zima, tazama mstari. Ukivunjika, inateleza. Kaza nati mizunguko ileile, weka grisi kwenye krosi (viungio vya propela), angalia oili ya SAE 90 kwenye boksi, uingie shambani.

Watu wote wakae mita 100 kutoka slasha inapozunguka, na minyororo ya mbele na nyuma isitolewe. Jiwe linatoka pale kama risasi.