Msaada wakuu: maziwa ya ng'ombe wangu hayagandi, mtindi umegoma kabisa

Kyimo Juu:
Wakuu, habari za jioni. Niko Rungwe, nafuga ng'ombe wa maziwa, chotara wa Friziani. Anakamuliwa vizuri tu, maziwa meupe, hayana harufu. Shida ni kwamba hivi karibuni hayagandi. Nayachemsha, nayapoza mpaka uvuguvugu, naweka kianzio kilekile cha siku zote, nafunika. Asubuhi nakuta majimaji. Siku inayofuata yanaanza kunuka ajabu, ila kuganda hakuna. Nimebadili sufuria, nimebadili kianzio, wapi! Mke wangu anasema ni jirani. Mtindi huu ndio unaolipa ada ya watoto. Naombeni ushauri kabla mambo hayajaharibika zaidi.

Mzee wa Parachichi:
Mvua zimeanza huko kwenu, baridi hiyo. Funga sufuria kwa blanketi, weka karibu na mafiga. Sisi enzi za marehemu mama hatukujua habari za sufuria, ilikuwa kibuyu, kinafukizwa moshi wa kijiti maalumu, na mtindi wake ukiuonja leo hutakula tena huu wa kwenye pakiti. Kibuyu kile alirithi dada yangu, mpaka leo tunanuniana.

Chuma Chakavu:
Jirani naye ana kazi. Aache kuloga ng'ombe afe, aloge mtindi usigande? Huyo mchawi yuko mafunzoni.

Mama Mtindi Mafinga:
Baridi siyo. Huku Mafinga jalidi inaunguza viazi shambani na mtindi wetu unaganda. Kyimo Juu, huyo ng'ombe amechomwa dawa yoyote siku za karibuni?

Mlokole wa Uyole:
Ndugu, kabla ya sufuria, jichunguze. Fungu la kumi unatoa? Mtindi haugomi bure.

Kyimo Juu:
Asanteni wote, ndaga. Blanketi nimejaribu, bado. Dawa alipata kidogo tu, siyo ya kusema. Tubaki kwenye mtindi wakuu.

Mama Mtindi Mafinga:
Hapohapo kwenye "kidogo tu". Dawa gani, lini, na ya nini?

Kyimo Juu:
Alivimba kiwele, robo moja ya nyuma kushoto. Maziwa ya robo hiyo yakawa yanatoka na mabonge. Nikanunua mirija ile ya kuingiza chuchuni, nikaweka, uvimbe ukanywea, nikaacha ili nisipoteze hela. Ukarudi. Nikachoma OTC mwenyewe, ile oksitetrasaiklini ya kuua bakteria, bomba la sindano ninalo. Ukanywea, ukarudi tena. Ndiyo hivyo, kila ukirudi natibu. Ila msinielewe vibaya, robo hiyo siitii kwenye ndoo ya mtindi. Nakamua zile tatu nzima.

DVM Mstaafu:
Kijana, jibu lako limeshapatikana na jirani yako hana hatia. Mtindi unagandishwa na bakteria. Kianzio chako ni bakteria hai. Ukiwatia kwenye maziwa yenye dawa ya kuua bakteria, wanakufa au wanadumaa, asubuhi unakuta majimaji. Viwanda vya maziwa vinaijua shida hii, ndiyo maana hupima mabaki ya dawa kabla ya kupokea.

Kuhusu robo tatu: OTC ya sindano inaingia kwenye damu, na damu inapita kwenye kiwele chote. Hakuna robo iliyosalimika. Kila dawa ina muda wa kusubiri, umeandikwa kwenye boksi au kikaratasi cha ndani. Mirija mingi ni siku 3 au 4 baada ya mrija wa mwisho, OTC ile ya muda mrefu huenda siku 7 na kuendelea. Katika muda huo maziwa hayauzwi, hayanywewi. Na kuchemsha kunaua vijidudu, dawa inabaki.

Lakini OTC pekee hainiridhishi. Umetumia nini kingine? Naona hujamaliza kusema.

Bwana Kitunguu:
Umenikumbusha shemeji yangu wa Ipogolo na kuku wake wa mayai. Kuku wakaanza kupinda shingo na kuharisha kijani. Akaenda dukani, akapewa doksisaiklini. Haikusaidia, akapewa tailosini. Kisha unga fulani wa njano wa kuchanganya kwenye maji. Banda likaisha. Bwana mifugo alipofika akamwambia huo ni mdondo, ni kirusi, angewapa dawa za duka zima wangekufa vilevile. Chanjo yake ni tone la jicho. Kilichonishangaza mimi ni mayai: muda wote ule alikuwa anapeleka trei sokoni.

Chuma Chakavu:
Kwa hiyo mimi niliyekuwa nakula chipsi mayai Iringa mjini nilikuwa kwenye dozi. Ndiyo maana sikuumwa chuo kizima.

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Chuma, cheka tu. Dozi ya kudokoa hivyo ndiyo inayowafundisha vijidudu. Fleming mwenyewe, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya kwenye hotuba yake ya Nobeli mwaka 1945 kwamba mtu akitumia dawa pungufu anawazoesha vijidudu badala ya kuwaua. Leo mahesabu yaliyochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2022 yanaonyesha watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa mwaka 2019 moja kwa moja kwa bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Wodini tunawaona: mkojo umeoteshwa, jibu linarudi na dawa zote za kawaida zimeandikwa "sugu".

Mzee wa Parachichi:
Sawa profesa, na ng'ombe wa mwenzetu je?

Kyimo Juu:
DVM shikamoo. Kusema kweli mirija iliisha na duka la mifugo liko mbali, nauli ya Kosta kwenda na kurudi siyo mchezo. Nikatumia vidonge vilivyokuwepo nyumbani. Amoksilini, ile kapsuli ya rangi mbili. Nilifungua unga, nikachanganya na maji yaliyochemshwa, nikavuta kwa bomba la sindano nikaingiza chuchuni. Dawa ni dawa tu wakuu, jina ni moja. Na uvimbe ulipungua.

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Vidonge vilivyokuwepo nyumbani vilikuwa vya nani?

Kyimo Juu:
Hilo siyo muhimu dada.

Mama Mtindi Mafinga:
Ni muhimu. Vya nani?

Kyimo Juu:
Vya mama. Alipewa hospitali kwa ajili ya UTI. Alikuwa ameshapata nafuu, anatembea, anapalilia mchicha, vikabaki. Mtu amepona anaendelea kumeza vidonge vya nini? Ng'ombe mwenyewe ndiye anayemlisha. Sasa hivi UTI imemrudia kidogo lakini nimeshajipanga: nimenunua seftriaksoni. Kijana wa dukani kasema hiyo ndiyo kiboko ya zote. Chupa moja ya mama, moja ya ng'ombe. Nilichokuwa naomba hapa ni namna ya kuganda maziwa tu.

Jicho la Kipanga:
Jamani hii ni chai, tena ya maziwa yasiyoganda. Nimepekua nyuzi zake. Mwezi wa tisa aliandika ng'ombe ana mimba ya miezi minne, leo eti anakamuliwa. Kabla ya hapo alisema ameuza ng'ombe wote anunue bodaboda. Halafu angalieni kalenda: kila tarehe 18 hadi 24 Novemba ni wiki ya dunia ya kuhamasisha kuhusu usugu wa dawa. Kila mwaka wiki hiyo inazaa uzi wenye mama mgonjwa, ng'ombe mgonjwa na nesi mwenye takwimu. Nesi na Kyimo Juu ni mtu mmoja. Mods fungeni.

Chuma Chakavu:
Nilijua. Mtu gani anamnyang'anya mama yake vidonge ampe ng'ombe? Hata kwenye filamu za Kibongo hatujafika huko.

Mlokole wa Uyole:
Mimi naamini. Siku za mwisho hizi.

Mama Mtindi Mafinga:
Kipanga, wewe umefuga nini zaidi ya mashaka? Ng'ombe wa mimba anakamuliwa, wote tunakamua.

DVM Mstaafu:
Ni kweli. Hukamuliwa mpaka inapobaki miezi miwili azae, ndipo anakaushwa. Mimba ya miezi minne mwezi wa tisa, sasa ni sita. Hesabu imekaa sawa. Na habari ya kapsuli za binadamu kwenye chuchu, nimeikuta kwenye mazizi zaidi ya moja nilipokuwa kazini, kwa hiyo kama katunga, katunga kitu kinachotokea.

Kyimo Juu:
Nimesikitika sana. Niliuza watatu, huyu ni wa mama, alikataa asiuzwe. Bodaboda yenyewe imekufa injini. Nesi simjui. Mtu akitaka aje Kyimo aone kiwele.

Jicho la Kipanga:
Weka picha ya kiwele basi.

Kyimo Juu:
Simu yangu ni ya tochi, naandikia kwenye ya shemeji.

Jicho la Kipanga:
Hahahaha. Haya.

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Mimi sijali kama ni chai, kuna mtu mwingine anasoma kimyakimya na ana chupa hiyohiyo kabatini. Seftriaksoni ni ya cheti. Ndiyo tunayomchoma mtu mwenye homa ya uti wa mgongo saa nane za usiku tukisubiri majibu. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalizi, kwa sababu usugu wake ukienea hatubaki na mengi ya kuchagua. Usimchome mama nyumbani. Kesho arudi hospitali, aseme ukweli kwamba dozi haikuisha, na mkojo uoteshwe kabla hajapewa dawa nyingine. Akiwa na homa kali, anatetemeka au anaumwa ubavuni, msisubiri hiyo kesho.

Kyimo Juu:
Dada, kupanga foleni nzima siku nzima na mama mzima yule? Na chupa nimeshalipia.

Nesi wa Zamu ya Usiku:
Ndiyo.

DVM Mstaafu:
Na ya ng'ombe usiifungue. Sasa nisikilize kuhusu hicho kiwele. Maji uliyochemsha jikoni na bomba ulilolitumia mara nyingi siyo safi kwa ndani ya chuchu. Huenda umepeleka uchafu mpya, hata hamira ya porini, na hamira haisikii dawa ya bakteria hata kidogo, badala yake inashamiri. Inawezekana pia ni bakteria aitwaye stafilokoka, yule anajichimbia ndani ya nyama ya kiwele, unamwona ametulia kumbe kajificha. Kwa macho huwezi kujua ni yupi, hata mimi siwezi.

Kwa hiyo usitibu tena kwanza. Subiri mabaki ya dawa yaishe, mwite bwana mifugo wa kata achukue sampuli. Chuchu ifutwe kwa pamba na spiriti, kuanzia nchani, mikamuo ya mwanzo imwagwe, kidogo kiingie kwenye chupa isiyo na vijidudu bila chupa kugusa chuchu, iwekwe kwenye barafu. Maabara ya mifugo ya TVLA ipo Iringa. Wataotesha na kukuambia ni kijidudu gani na dawa ipi inamwua. Bahati yako ni kwamba mwezi ujao anatakiwa akaushwe. Wakati wa kukausha ndipo robo kama hiyo inatibika vizuri, kama majibu yataruhusu. Isipotibika, anabaki wa robo tatu, na ng'ombe wa robo tatu analisha familia.

Tangu leo: robo mbovu ikamuliwe mwisho, mikono ioshwe, kila chuchu na kitambaa chake, na baada ya kukamua zichovye kwenye dawa ya aidini. Banda nalo liwe kavu. Kiwele kinaumwa zaidi kwa sababu ya tope kuliko kwa sababu ya ukosefu wa dawa. Maziwa ya robo mbovu unayapeleka wapi?

Kyimo Juu:
Nguruwe. Yakizidi namwaga mferejini.

DVM Mstaafu:
Mferejini unaokwenda wapi?

Kyimo Juu:
Kwenye bustani ya mchicha. Kisha mtoni.

Bwana Kitunguu:
Mchicha wa mama!

DVM Mstaafu:
Nguruwe wanakunywa dawa pungufu kila siku na samadi yao inarudi shambani. Chimba shimo mbali na mfereji, fukia. Na mchicha uoshwe, upikwe uive.

Mama Mtindi Mafinga:
Mimi nauliza kuhusu hizo robo tatu. Tangu mtindi ulipogoma, maziwa yanakwenda wapi? Maana hujasema unayamwaga.

Kyimo Juu:
Hapo ndipo kwenye mtihani. Kuna mama wa mgahawa stendi ya Kiwira, yeye haitaji mtindi, anataka maziwa ya chai. Kanipa hela ya wiki nzima mbele, na hela imeshaingia kwenye ada. Nilidhani chai inachemka sana kwa hiyo hakuna neno. Je, nikichanganya nusu na maziwa ya jirani?

DVM Mstaafu:
Hapana. Kuna watu wanadhurika na penisilini, na amoksilini yako ni ya ukoo huo, kwa chembe ndogo tu. Mwambie mama wa mgahawa akusubiri, au nunua maziwa kwa huyo jirani uliyemsingizia umpelekee.

Kyimo Juu:
Jirani na mimi hatusalimiani tangu suala la mtindi lianze.

Mlokole wa Uyole:
Nenda kamwombe msamaha, na maziwa utapata.

Mzee wa Parachichi:
Mpelekee mkungu wa ndizi.

Jicho la Kipanga:
Ngoja kwanza. Mgahawa gani huo wa stendi ya Kiwira? Napita hapo keshokutwa na Kosta ya saa kumi na mbili.

Chuma Chakavu:
Si ulisema hii ni chai?

Jicho la Kipanga:
Bado nasema. Taja mgahawa.

Kyimo Juu:
Siwezi kumharibia mtu biashara yake hapa.

Jicho la Kipanga:
Basi Kiwira nzima naagiza ya rangi.