Boma la zahanati limekwama kwenye lenta, madiwani wawili wanasukumiana. Nimuulizeje wa sasa asinijibu kichama?

Mweka Hazina (mwenye mada)

Wakuu, habari za jioni. Nina swali, na naombeni atakayejibu asianze kwa kuuliza mimi ni chama gani.

Niko kijijini, mkoa wa Shinyanga. Mwaka 2016 tulianza boma la zahanati kwa msaragambo. Kila kaya tofali 40 na shilingi 12,000. Asiye na hela alisomba mchanga mtoni, sisi akina mama tulibeba maji. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya ujenzi na kauntabuku ninalo mpaka leo: kaya 214, na mbele ya kila jina tofali, hela, siku za kazi. Kuna bibi alileta zake nne nne kwa toroli la mjukuu wake mpaka zikatimia 40. Vema yake ya mwisho niliiweka kwa mkono wangu, naye akaomba aione.

2018 tukafika kwenye lenta. Tukaambiwa simameni hapo, kupaua ni kazi ya halmashauri. Diwani wa wakati ule alikuwa wa upinzani. Tukimuuliza anasema serikali kuu inatubania kwa sababu ya kura zetu. 2020 akaingia wa chama tawala. Kwenye kampeni alisimama mbele ya boma lile lile akatuonyesha kwa kidole: mnaona mlivyofanyiwa? Sasa, 2023, ni mwaka wa tatu yuko ofisini na jibu lake ni "mimi nilikuta hivi hivi."

Mwezi uliopita nilikwenda stoo ya shule kuhesabu saruji tuliyoinunua kwa michango yetu ili tupige lipu baada ya paa. Mifuko 22, yote imeganda. Nilichana mmoja kwa kisu. Karatasi ikatoka, likabaki jiwe lenye umbo la mfuko, na mikunjo ya karatasi imejichora juu yake kabisa. Mingine saba watoto wameshaitoa nje wanaikalia wakati wa uji.

Pale bombani watu wananiuliza mimi. Nimewajibu, na nimesema mbele ya kamati: hiyo saruji ni kosa langu, ningeikopesha shule wakati bado unga, wangeturudishia mipya. Iliniuma kusema lakini nilisema. Sasa nashindwa kuelewa, mimi wa kauntabuku nimeweza, hawa wenye ofisi na muhuri wanashindwa nini?

Mkutano mkuu wa kijiji ni Jumamosi ya wiki ijayo na diwani kathibitisha anakuja. Nimuulizeje? Na je, katika nchi hii yupo kiongozi aliyewahi kuubeba mzigo wa ofisi yake bila kumtwika mwingine?

Mzee wa Kahama

Binti yangu, yupo, na habari yake inahusu mkoa wako huo huo.

Mwaka 1975 na 1976 kulikuwa na mauaji mengi huku kwetu, Shinyanga na Mwanza. Vyombo vya dola vikaingia kukamata watuhumiwa. Wengine waliteswa, na wapo waliofia mikononi mwa waliowakamata. Mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, nakumbuka jinsi wazee walivyokuwa wakiliongelea jambo hilo kwa sauti ya chini hata ndani ya nyumba zao.

Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakumpiga mtu. Lakini polisi walikuwa chini ya wizara yake, na mwaka 1977 alimwandikia Rais, Mwalimu Nyerere, barua ya kujiuzulu, Mwalimu akaikubali. Akapelekwa Misri kuwa balozi. 1984 akawa Rais wa Zanzibar, 1985 Rais wa Muungano. Kwa hiyo anayesema ukikiri umejimaliza kisiasa, mwambie asome historia ya nchi yake.

Na hizo halmashauri zenyewe zilifutwa mwaka 1972, vyama vya ushirika vikavunjwa 1976. Baadaye Mwalimu alisema hadharani kwamba kama angeanza upya hayo mawili asingeyafanya. Serikali za mitaa zilirudi kwa sheria za 1982. Rais aliyekaa madarakani zaidi ya miaka ishirini alikubali kosa la uamuzi wake, sembuse diwani wa kata?

Kisiki cha Mpingo

Mzee shikamoo. Naheshimu, ila mfano wako una tundu. 1977 chama kilikuwa kimoja, Mwinyi angemsukumia nani? Leo vyama ni vingi, kila mtu ana wa kumtupia. Na kujiuzulu peke yake hakutoshi. 2008 Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la Richmond, ile kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura, lakini aliondoka akilalamika kwamba kamati ya Bunge haikumsikiliza. Kiti kiliachwa, na mpaka leo watu wanabishana kosa lilikuwa la nani.

Halafu dada, diwani hashiki hela. Afisa masuuli wa halmashauri, yaani anayewajibika kwa fedha zake, ni mkurugenzi, naye anateuliwa na Rais. Unambana asiye na funguo za kabati.

Mzee wa Kahama

Marahaba. Angewasukumia polisi, mwanangu. Walikuwa tele, wenye majina na vyeo. Angesema "ni watendaji wachache wasio waaminifu", tungelala, na yeye angebaki na wizara yake.

Mtendaji Mstaafu

Nimekuwa mtendaji wa kata miaka kumi na moja, chini ya madiwani wa vyama viwili tofauti. Niseme nilichokiona.

Kisiki ana haki kuhusu mkurugenzi. Lakini bajeti ya halmashauri haiendi popote bila baraza la madiwani kuipitisha. Diwani anakaa kwenye baraza kila robo mwaka, anakaa kwenye kamati, na taarifa za mapato na matumizi zinapita mbele yake. Fedha hazimo mkononi mwake, ila mdomo anao, na mdomo ndio tuliomchagulia.

Nilichojifunza ni kwamba swali pana linampa njia ya kutorokea. Ukiuliza "kwa nini zahanati haijaisha?" umemfungulia mlango wa 2015, wa 2018, wa serikali kuu, wa mvua na wa bei ya bati. Muulize kitu ambacho aliyekifanya au asiyekifanya ni yeye peke yake. Tangu umeapishwa baraza limekaa mara ngapi? Boma letu umelitaja kwenye vikao vingapi? Kwenye bajeti ya mwaka huu liko ukurasa gani? Hapo hakuna chama cha kutaja.

Usimzomee, na wenzako wasizomee, maana mtu akizomewa anakimbilia kwa watu wake na mkutano unageuka wa vyama. Na hakikisha mtendaji wa kijiji anaandika jibu kwenye muhtasari, neno kwa neno. Mwisho, kikao cha baraza la madiwani ni cha wazi, mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuona kijiji kikileta hata watu wawili.

Kisiki cha Mpingo

Hilo la kuuliza mara ngapi nimelikubali. Dada, tuletee mrejesho.

Mweka Hazina (mwenye mada)

Mrejesho, wakuu. Mkutano umefanyika jana chini ya mkwaju, watu walijaa.

Nilisimama na kauntabuku mkononi, nikasoma majina kumi ya mwanzo na tofali zao, kisha nikauliza kama mtendaji mstaafu alivyonifundisha. Diwani akaanza: "Ndugu zangu, awamu iliyopita..." Nikamwomba samahani, nikarudia. Baraza limekaa mara ngapi tangu uapishwe?

Akafikiri. "Kama mara kumi na moja."

Boma letu umelitaja mara ngapi?

Kulikuwa kimya hadi nikasikia mbuzi wa jirani. Akavua kofia ya chama akaishika mkononi. Sijui kama alifanya kwa makusudi, jua lilikuwa kali. Akasema, "Sijalitaja." Nyuma kuna kijana alianza kucheka, wazee wakamnyamazisha. Diwani akaendelea kwa sauti ya chini kuliko ile ya kampeni: "Nilikuwa nasubiri mkurugenzi alilete. Nilitakiwa nilipeleke mimi. Hilo ni langu."

Mimi simjui moyoni mwake na sijasema ameshakuwa mtu mwema. Lakini katika miaka saba hiyo ndiyo mara ya kwanza kusikia neno "langu" kutoka kwa mwenye cheo kuhusu lile boma. Yule bibi wa toroli alikuwa amekaa mbele kwenye khanga yake, akamwambia, "Sasa mwanangu, kalitaje."

Mtendaji wa kijiji aliandika. Nilisimama nyuma yake mpaka akamaliza sentensi, nikapiga picha ukurasa. Baraza linakaa mwezi ujao. Tumejiandikisha watu watano kwenda kusikiliza, wawili wa chama hiki, wawili wa kile, na mimi. Nauli ya basi kwenda na kurudi ni 7,000 kwa mtu. Nimefungua ukurasa mpya kwenye kauntabuku, mpaka jana jioni imeshachangwa 23,500.